Pasma Mbili

Nesi Doray Cabahug alikuwa na majivuno yake, wala hakuyaficha. Wengine hujivunia nywele, wengine waume. Yeye alijivunia kufundisha wagonjwa. Mgonjwa aliyepita mikononi mwake alikwenda nyumbani anajua jina la dawa yake, saa ya kuinywa, na kitu gani kikitokea arudi hospitali mbio bila kumngoja mume wala mganga. Kule Cebu, kisiwani alikotoka, hata madaktari walimwita wakishindwa kumwelewesha mtu. Alikuwa akisema, huku akijipigapiga kifua, kwamba dawa bila maelezo ni nusu ya dawa, na nusu iliyobaki ni yeye.

Ila sasa hakuwa Cebu. Alikuwa ameolewa na fundi umeme wa Kitagalog, akamfuata mpaka mji mdogo chini ya mlima, mkoani Quezon, na huku watu wanasema Kitagalog tangu wanaamka mpaka wanalala. Yeye alikisoma shuleni, kama kila mtu. Lakini kuisoma lugha shuleni na kuiongea mbele ya wenyewe ni vitu viwili. Ulimi wake wa Kibisaya, lugha ya kwao Cebu, ulichanganya "e" na "i", na wodi nzima ya wanawake ikapata burudani ya bure. Akisema meza, wao wanasikia misa.

"Nesi, uji wangu uweke kwenye misa," mgonjwa mmoja husema.

"Na padri aje na kijiko!" mwingine hudakia, na kicheko huzunguka vitanda vyote.

Doray alicheka nao. Moyoni lilimchoma. Akajiwekea sheria yake ya kimya kimya: neno la huku asilolijua vizuri hatauliza. Atalisikiliza, atakisia, atasonga mbele. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hao hawakuwahi kuchekwa na wodi nzima kabla ya chai.

Hapo ndipo alipoletwa Aling Pasita, Aling ikiwa ni heshima ya huku kwa mama mtu mzima. Kidonda cha mguu kilichogoma kupona, sukari kwenye damu imepanda kuliko bei za sikukuu. Mji mzima ulimjua. Alikuwa mpiga pasi. Nguo za harusi, majoho ya kanisa, gauni za maandamano zenye mikono mipana iliyosimama kama mbawa, mashati ya barong mepesi ambayo ukiyatazama vibaya tu yanakunjamana, vyote vilipita kwake. Pasi ya umeme aliiona ya wavivu. Yeye na pasi yake ya mkaa walizeeka pamoja.

Alikuwa mama mwenye kujiona, naye Doray alimpenda papo hapo, maana ndege wenye manyoya ya kufanana huruka pamoja. Wengine hulia siku ya kwanza wakiambiwa wajichome insulini. Aling Pasita aliichukua sindano, akaitazama, akaitazama tena, kisha akavuta ngozi ya tumbo lake na kuichoma taratibu kama anayepitisha ncha ya pasi kwenye kola.

"Mkono uliozoea barong hautetemeki, mwanangu," akasema. "Nionyeshe kingine."

Binti yake, Luningning, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akatabasamu kwa fahari.

Basi Doray akaendelea na somo, na somo lililofuata ndilo kubwa kuliko yote. "Sikiliza, mama. Sindano hii inashusha sukari. Ikiishusha kupita kiasi, mwili utapiga kelele. Mikono inatetemeka. Jasho la baridi linatoka. Moyo unakwenda mbio, miguu inalegea, kichwa kinaingia ukungu. Ukipuuza, unazimia, na unaweza usiamke."

Aling Pasita akapiga paja. "Weee! Kumbe pasma! Si useme pasma tu, unanizungusha mji mzima?"

Doray karibu aruke. Neno hilo alilijua! Kwao Cebu watu husema pasmo. "Ndiyo, mama! Pasma, hiyo hiyo! Na dawa yake unaijua?"

"Mimi? Nimeshika pasi kabla ya kushika mwanamume. Nisijue dawa ya pasma?"

"Na utafanya upesi?"

"Pasma haingojewi, mwanangu."

Wakacheka wote watatu. Doray akaenda kwa nesi mkuu, Bi Belarmino, kifua mbele. "Mfundishe mtu kwa neno lake mwenyewe," akamwambia, "hutarudia mara mbili." Bi Belarmino, mwanamke wa maneno machache, akamwambia hongera.

Sasa, shimo lilikuwa hapo hapo, na Doray alilipita akiimba. Kwao Cebu, pasmo ni ugonjwa wa mtu aliyeiacha njaa impite. Hukula mchana, ukafanya kazi, ukaanza kutetemeka: umepata pasmo, na hata mtoto anajua kwamba dawa yake ni kula. Lakini kwa Watagalog, pasma ni ya mikono na mishipa. Ni mwili uliochoka na joto la kazi ukaguswa na maji baridi. Mpiga pasi akinawa mikono kabla haijapoa, amejitafutia pasma. Na dawa yake si chakula. Unailoweka mikono kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, unaifunga taulo, unaikanda kwa mafuta, halafu unalala. Maneno mawili, yamezaliwa tumbo moja, kila moja likaolewa kwake.

Kulala! Mtu ambaye sukari inamshuka, umfunge taulo umwambie alale! Hicho ndicho Aling Pasita alichokuwa akiahidi kwa kicheko, na hicho ndicho Doray alichokwenda kujisifia.

Siku ya kutoka ikafika. Daktari Abrenica, kijana mpole aliyekuwa na usingizi wa kudumu machoni, akapita asubuhi, akakitazama kidonda, akatia sahihi. Aling Pasita alikuwa amejichoma insulini yake vizuri, lakini kwa furaha ya kwenda nyumbani akala vijiko viwili tu vya uji wa wali na kusukuma bakuli pembeni. Luningning alikuwa amepika samaki wa tui. Nani ale uji wa hospitali, na nyumbani kuna samaki wa tui?

Wakati wanangoja dawa za kwenda nazo, mama hakuweza kukaa bure. Akaomba kapu la mashuka yaliyotoka kufuliwa, akaanza kuyakunja na kuyalainisha kwa viganja, huku akiwasimanga wahudumu: "Hili shuka au gunia? Nani amekunja hili, mbuzi?" Alikunja kapu zima. Kisha akakaa kitandani na kuitazama mikono yake.

Doray alikuwa upande wa pili wa wodi akigawa dawa aliposikia sauti ya Luningning. "Jamani, nani ana chumvi? Mama ameshikwa na pasma."

Na Doray, Mungu amsamehe, alifurahi. Akamgusa nesi mwenzake kwa kiwiko. "Tazama mwanafunzi wangu sasa. Tazama atakavyofanya."

Wakatazama. Luningning akamimina maji ya chupa ya chai kwenye beseni, akatia chumvi, akailoweka mikono ya mama yake, akaifuta na kuifunga kwa taulo. Akamlaza. Akamvutia shuka mpaka kidevuni. "Lala, mama. Ukiamka itakuwa imepita."

Doray alingoja aone chakula kikitolewa. Hakikutolewa. Ndipo akaiacha sinia ya dawa pale pale na kukimbia kati ya vitanda.

Paji la uso la Aling Pasita lilikuwa limelowa, baridi kama samaki wa sokoni. Macho yalikuwa yanafumba. "Mama, jina lako nani?"

"Pasi inaunguza," Aling Pasita akanung'unika. "Mwambieni padri asubiri."

Doray akachoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Namba iliyotokea ilikuwa ya mtu anayeelekea kuzimia. "Leteni maji ya sukari! Na mwiteni daktari, mwambieni sindano ya mshipa nayo iandaliwe!"

Luningning akasimama kati yake na kitanda, mikono imetanuliwa. "Sukari? Ana kisukari, nesi! Mmetuzuia hata maembe hapa, leo mnampa sukari? Mnataka kumuua?"

"Dada, niangalie. Sukari yake imekwisha. Siyo imezidi, imekwisha. Ukinizuia sasa, atalala na hataamka. Nikikosea unipige kofi mbele ya wote hawa."

Kitu usoni mwa Doray kikamfanya Luningning asogee. Doray akapokea kikombe cha maji ya sukari, akamwinua mama, akamtilia tone dogo mdomoni kwanza, akalitazama koo. Likameza. Kama lisingemeza, asingethubutu kumpa zaidi kwa mdomo, maana maji hayo yangeingia kwenye mapafu. Ingekuwa kazi ya sindano na mshipa. Lakini koo lilimeza, likameza tena, na kikombe kikaisha. Daktari Abrenica alipofika mbio na koti limefungwa upande, Aling Pasita alikuwa anafungua macho kama aliyeitwa kutoka mbali. Wakapima tena, namba imepanda. Wakampa uji, na safari hii aliula mpaka mwisho.

"Mbona mmenizunguka?" akauliza. "Nani amekufa?"

Doray akakaa kwenye kiti. Alijua kwamba sheria yake ya kutouliza imefika mwisho.

"Mama," akasema kwa sauti ambayo kila kitanda kilisikia, "pasma ni nini?"

Mtu mmoja akacheka puu. "Nesi hajui pasma!"

"Sijui," Doray akasema. "Sijui pasma yenu. Nilijifanya najua. Nifundisheni."

Hakuna aliyecheka tena. Aling Pasita akaeleza: joto la pasi, maji baridi, mishipa inayokasirika, chumvi, taulo, usingizi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaongeza habari ya mafuta ya nazi, wa tatu akamtaja mkandaji mzuri. Doray akasikiliza yote mpaka mwisho, kisha akawaambia pasmo ya Cebu ni kitu gani. Luningning akaweka mkono mdomoni.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "tulikuwa tunacheka pamoja, kila mtu na pasma yake?"

"Kila mtu na yake," Doray akasema.

Alidhani mama atacheka. Aling Pasita hakucheka. Aliitazama mikono yake iliyokuwa bado kwenye taulo, na uso ukakaza. "Basi nimeelewa. Sindano yenu ndiyo inayoleta hii. Mimi nimepiga pasi miaka yote na pasma haijanishika hata siku moja, maana naitunza mikono yangu. Nyie mnanichoma, siku chache tu, mikono inatetemeka. Shikeni sindano zenu. Nakwenda nyumbani."

"Mama, bila sindano mguu huo—"

"Mguu ni wa kutembelea. Mkono ndio unaonilisha. Luning, chukua mfuko."

Doray akamkimbilia Daktari Abrenica kwenye korido. "Dokta, Aling Pasita asitoke leo."

"Nimeshatia sahihi, Doray. Na pale mlangoni kuna mtu anakisubiri kitanda."

"Nilimfundisha vibaya. Alinijibu neno, nikadhani amenijibu maana. Akitoka hivi, ama ataacha sindano na mguu uoze, ama atachoma sindano na siku moja watamlaza na taulo asiamke. Nipe mpaka kesho."

Daktari akasugua macho. Akafungua faili, akaangalia kilicholiwa asubuhi na kilichochomwa. "Na dozi ya asubuhi naipunguza kidogo," akasema. "Hata mimi nilihesabu kwamba anakula. Mpaka kesho."

Kumzuia mtu kwa sahihi ni rahisi. Kumfanya asikie ni kazi. Mchana ule Doray alikaa kando ya kitanda cha Aling Pasita, ambaye alikuwa amempa mgongo. Hakuleta picha za ini wala mishipa. Alikaa tu.

"Mama, nina swali la pasi."

Doray akakisogeza kiti.

"Unapiga pasi barong. Katikati ya mkono wa kushoto pasi inapoa. Haikunjui tena. Unafanya nini?"

"Swali la kitoto."

"Unaifunga taulo?"

Aling Pasita akageuka nusu. "Taulo? Pasi imepoa, niifunge taulo?"

"Unailaza kidogo ipumzike?"

"Ikilala ndio inakufa kabisa! Wewe mtoto, kwenu mnavaa nguo zilizokunjamana? Pasi ikipoa mkaa umekwisha. Unaongeza mkaa."

"Na mkaa ukizidi?"

"Unaunguza nguo. Ndiyo maana nauangalia, si mwingi si..." Aliutazama mguu wake wenye bandeji, akautazama muda. Kisha akaitazama mikono. Doray aliuma ulimi asiseme kitu, na kwa mtu mwenye kupenda kusema, hiyo ilikuwa adhabu.

"Mguu ni mkaa uliozidi," Aling Pasita akasema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Na leo asubuhi mkaa uliisha. Nimechoma sindano, sikula, nikafanya kazi." Akakaa kitako. "Na mwanangu akaifunga pasi taulo."

Luningning akaanza kulia, na mama yake akamwambia aache upuuzi, amefanya alivyofunzwa.

"Lakini pasma ipo," Aling Pasita akasema ghafla, kidole juu. "Usiniambie haipo."

Hapa ndipo nesi mwingine angeharibu. Doray aliwajua manesi ambao wangesema hayo ni mambo ya kale, na mama angeitikia ndiyo, ndiyo, kisha angekwenda nyumbani na kufanya yake. "Sikatai kitu chako, mama," akasema. "Taulo funga, chumvi tia, mkandaji mwite. Naomba utaratibu tu. Mikono ikitetemeka, hujui ni ya mishipa au ya mkaa. Basi mdomo uwe wa kwanza. Kitu kitamu, papo hapo, kisha wali. Ukishameza, mikono ni yako, ikande mpaka jioni. Ila usilale kabla hujala."

"Na kama ni pasma yetu ya kweli, sukari itanidhuru?"

"Bonge moja halitakuua. Kulala ndiko kutakakokuua."

Aling Pasita akafikiri. Kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mwingine wa kisukari aliyekuwa akijifanya amelala. "Wewe! Umesikia? Niambie pasi yako ikipoa utafanya nini. Na usijibu ndiyo, ndiyo. Eleza." Akamhoji yule mama kama mwalimu wa hesabu, akamhoji na Luningning, akawakosoa wote wawili. Doray aliwaacha na kwenda kumalizia dawa zake. Bi Belarmino, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akampisha njia.

"Umerudia mara mbili, basi," akasema Bi Belarmino. "Lakini hii ya pili ni safi."

Kesho yake Aling Pasita akaenda nyumbani, na kazi ikamla Doray kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa aliuliza. Aliuliza maneno hadharani, akachekwa, akauliza mengine. Lakini kila alipoweka kichwa kwenye mto alijiuliza swali ambalo hakuna wa kumjibu: wodini mtu huelewa, maana nesi yupo, nyumbani je?

Mei ikaja na maandamano yake ya Msalaba, na mume wa Doray akaalikwa kuwasindikiza wasichana waliovishwa kimalkia. Doray akachukua barong la mumewe likapigwe pasi, akaenda kwa Aling Pasita siku yake ya mapumziko. Kabla hajafika getini akaona watu wamejaa mlangoni.

"Kuna nini?"

"Aling Pasita," jirani akamwambia. "Amepigwa na pasma, anatetemeka mwili mzima. Mkandaji yuko naye, anataka kumlaza."

Doray hakubisha hodi. Alipenya kwa mabega, akamkanyaga mtu, hakuomba radhi. Mkobani mwake mlikuwa na kitana na funguo, hakuna kipimo, hakuna sukari, hakuna chochote. Aliingia ndani anahema.

Aling Pasita alikuwa amekaa kwenye kiti, jasho linamchuruzika, mikono imefungwa taulo mpaka viwiko. Mkandaji, bibi mmoja mnene aliyeitwa Aling Sepa, alikuwa akimkanda mabega na kumsukuma kuelekea kwenye mkeka. "Lala, Pasita. Pasma haitoki umekaa."

Aling Pasita alitikisa kichwa. Hakuweza kujibu, maana mashavu yote mawili yalikuwa yamejaa. Luningning alikuwa amepiga magoti mbele yake na kipande cha sukari guru mkononi, akingoja ameze ampe kingine. Akameza. Akafungua mdomo. Akapokea. Akameza tena, na sasa sauti ikapatikana.

"Silali, Sepa. We kanda tu, mkono wako mtamu. Lakini ukinilaza kabla sijala wali wangu nitakung'ata."

Wanawake wakacheka. Kutoka jikoni mtu akaita kwamba wali unapakuliwa. Aling Pasita akafuta uso kwa taulo, akainua macho na kumwona Doray.

"Nesi? Umesimama hapo kama nguzo ya nini? Na hilo barong, nani alikufundisha kulibeba hivyo? Limekunjamana lote!"

Doray alitafuta kitu cha kufanya. Sukari ilikwisha kutolewa. Mgonjwa alikuwa amekaa, anameza, anagomba. Wali ulikuwa unapita juu ya vichwa vya watu ukielekea mahali pake. Kwa miaka yote aliyovaa sare hakuwahi kukosa kazi mbele ya mgonjwa anayetetemeka, na hakuwahi kujivuna kama alivyojivuna saa ile. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. Akalinyoosha barong mapajani, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake pamoja na wateja wengine.